Dini au ng'ombe? Nani hasa anamwozesha binti wa Kakola

Leo naomba tuongee jambo ambalo kila ukiligusa watu wanakuwa mbogo: dini na haki za wanawake. Kabla hujashusha matusi kule chini, soma mpaka mwisho halafu uje na hoja.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Chukua mfano wa binti wa miaka 15 pale Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Kamaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, anawauzia wachimbaji maandazi. Anatokea jamaa mwenye hela za dhahabu au mwenye ng'ombe, anakwenda kwa mzee, mahari inapangwa. Binti anaitwa mbele ya wazee, anaulizwa, anainamisha kichwa, anasema ndiyo. Kwisha habari. Je, hapo kuna sheria iliyovunjwa?

Soma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu cha 13 kinasema mwanaume aoe akiwa na miaka 18, mwanamke aolewe akiwa na 15. Mahakama inaweza kuruhusu hata wa 14. Kifungu cha 17 kinasema binti aliye chini ya miaka 18 anahitaji ruhusa ya baba, na kama baba amefariki, ya mama. Kwa maana hiyo, yule anayehesabu ng'ombe ndiye huyo huyo anayetoa ruhusa.

Kuna wanaosema mbona kuna kifungo cha miaka 30? Kweli kipo. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, ukimuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari unakwenda jela miaka 30. Lakini soma vizuri: mwanafunzi. Binti aliyevaa sare analindwa. Siku anayoivua, ulinzi huo unaishia hapo.

Na hili sio suala dogo kwetu. Takwimu za utafiti wa afya wa mwaka 2010 zilionyesha kwamba mkoani Shinyanga, kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Tulishika namba moja nchini. Wastani wa taifa ulikuwa 37. (Shinyanga ya wakati ule ilikuwa kubwa, Simiyu na Geita hazijawa mikoa.)

Sasa dini inaingiaje? Hapo ndipo utamu ulipo.

Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, alikwenda Mahakama Kuu Dar es Salaam kupinga vifungu hivyo viwili. Hoja yake ilikuwa rahisi: Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, iweje mvulana alindwe mpaka 18 na msichana aachiwe saa 15? Tarehe 8 Julai 2016 akashinda. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha sheria.

Badala ya kurekebisha, ikakata rufaa. Na moja ya hoja zake ilikuwa hii: vifungu vile viliwekwa mwaka 1971 kama maafikiano, ili kuheshimu mila na dini za watu. Umeona hapo? Aliyebeba hoja ya dini mahakamani hakuwa shehe wala mchungaji. Alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali! Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Rebeca akawa ameshinda mara mbili, na katikati yake, mwaka 2018, alipata tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Lakini kushinda mahakamani ni kitu kimoja, Bunge kubadilisha maandishi ni kingine. Hadi mwaka 2024 vifungu vilikuwa bado havijarekebishwa. Sababu iliyorudiwa kila mara ni kwamba wadau washauriwe kwanza, wakiwemo viongozi wa dini.

Hapa tuelewane maneno. Kuwa mcha Mungu sio siasa kali. Siasa kali inaanza pale mtu anapochukua tafsiri moja ya kitabu, akasema hiyo ndiyo sauti ya Mungu, anayeihoji ni adui wa dini, na nchi nzima iifuate. Na angalia, mara nyingi wanaanza na mwanamke: avae nini, aolewe lini, amtii nani.

Watetezi wa haki za wanawake wamejibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya Rebeca: sheria na Katiba. Ya pili ni ya wanawake walioamua kubaki ndani ya dini zao na kufungua kitabu wenyewe. Mwaka 1989 Mercy Oduyoye wa Ghana na wenzake walianzisha umoja wa wanawake wanateolojia wa Afrika. Mwaka 2009 wanawake wa Kiislamu kutoka nchi nyingi walianzisha vuguvugu la Musawah huko Kuala Lumpur. Hawa hawasemi tupa dini. Wanasema soma yote.

Ukisoma yote unakuta nini? Sura ya An-Nisaa inataka yatima wakifika umri wa kuoa wapimwe kwanza kama wana busara ya kushika mali zao, sio kubalehe tu. Kuna hadithi ya msichana aliyemlalamikia Mtume kwamba baba yake amemwozesha bila ridhaa, na Mtume akampa hiari ya kukaa au kuondoka. Kwa Wakristo, Waefeso sura ya 5 wanaume tunaipenda sana pale inapowaambia wake watii, lakini mstari unaotangulia unawaambia wote watiiane. Huo hausomwi sana kwenye harusi.

Na Wakristo wenzangu msicheke pembeni. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inaweka miaka 14 kwa mwanamke, ingawa inaruhusu maaskofu wa kila nchi kuweka umri wa juu zaidi. Kwa upande mwingine Moroko, nchi ya Kiislamu, iliweka 18 mwaka 2004, na Misri mwaka 2008. Moroko waliacha upenyo wa hakimu kutoa ruhusa, na upenyo huo ukatumika sana. Ni somo kwetu: ukiacha mlango wazi kidogo, watu watapita.

Sasa turudi Kakola. Siku ile mahari inapangwa, kuna mtu aliyefungua Biblia au Msahafu? Kilichohesabiwa ni ng'ombe. Dini inaitwa baadaye, pale mtu anapouliza swali, ili anyamaze. Wazee wetu wengi ni masikini, nalielewa hilo, na mgodi kuwa jirani hakujawafanya wote matajiri. Ila tuseme ukweli, tusimsingizie Mungu biashara yetu.

Mimi nasema 18 kwa wote, bila ruhusa ya baba wala ya hakimu. Ukitaka kumtetea Mungu wako, anza na yule binti aliyeinamisha kichwa. Muulize tena, akiwa peke yake, wazee wakiwa hawapo.

Haya wadau, hasa akina dada wa Kahama na Geita, uwanja ni wenu. Hoja tu, matusi nafuta.