Chai ya rangi si kiamshakinywa: uji wa shule hufanya kazi gani katika mwili wa mtoto wa Itumbe

Maswali kuhusu chakula cha shuleni yananijia kwa wingi kutoka Kisii na Nyamira, na baadhi yametoka Itumbe, kwenye majani chai. Wazazi wanauliza kama uji wa saa nne unasaidia kweli au ni wa kutuliza kelele. Walimu wanauliza kwa nini mtoto aliyeshiba bado anachelewa kushika somo. Wengine wanauliza, kwa uchungu ninaouelewa, kwa nini wanafunzi wa Turkana na Garissa hupelekewa chakula ilhali wa kwao wanarukwa. Nianze na hao.

Ramani ya chakula cha shule nchini Kenya ilichorwa kwa kufuata ukame. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwalisha wanafunzi wa maeneo kame pamoja na serikali mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula kwa wakulima wa humu nchini, na kufikia 2018 shirika hilo likawa limeikabidhi kazi yote. Walengwa wakuu wakabaki kaunti kame na mitaa ya mabanda ya Nairobi. Anayepita Itumbe kwa gari anaona chai, migomba na miparachichi, na hawezi kuwaza njaa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakabaki vipande, na kipande chenyewe kimeshikwa na chai na nyasi za ng'ombe. Mahindi ya nyumbani huisha mapema, halafu familia husubiri malipo ya majani ndipo inunue unga. Hapo mtoto huamka gizani, akanywa chai ya rangi yenye sukari, akashika njia.

Sasa tuhesabu saa. Mtoto aliyekula saa moja jioni, akanywa turungi alfajiri, na asipate chochote hadi saa saba mchana, amekaa saa 18 bila chakula cha maana. Mtu mzima anaweza kuvumilia hivyo akafanya kazi yake. Wazee husema, "Sisi tulisoma bila kula na tukafaulu." Waliofaulu ndio waliobaki kusimulia, walioacha shule darasa la tatu hawaulizwi. Na kuna jambo la kimwili ambalo kauli hiyo hulisahau, jambo ambalo sichoki kulieleza.

Ubongo hautunzi akiba yake ya sukari, au hutunza kidogo mno. Hutegemea ini, ambalo huhifadhi sukari kwa umbo la glaikojeni na kuiachilia polepole usiku kucha. Ini la mtu mzima hubeba takriban gramu 100 za akiba hiyo. Mtoto wa miaka mitano au sita ana ini dogo kuliko la mtu mzima, lakini ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Na ubongo huo una njaa kuliko wa kwetu: katika umri wa miaka mitano hivi, hutumia takriban asilimia 43 ya nishati yote ambayo mwili unahitaji kwa siku, ilhali katika mwili wangu na wako tunapopumzika hutumia kama tano moja tu. Kwa hiyo ghala ni dogo na mlaji ni mkubwa. Glaikojeni inapopungua, mwili hauiachi sukari ya damu ianguke hivi hivi. Hutoa adrenalini na kotisoli, huanza kutengeneza sukari kutokana na protini za misuli, huyeyusha mafuta na kuupa ubongo mafuta hayo yakiwa yamegeuzwa kuwa ketoni. Mtoto hazimii. Yuko macho, lakini mwili wake uko katika hali ya dharura, na homoni za dharura hazikuumbwa kumsaidia mtu kukaa kitako akigawanya namba. Ndiyo maana mtoto mwenye njaa si lazima asinzie. Mara nyingi hutapatapa, hugombana, husahau alichoambiwa dakika mbili zilizopita, kisha anaitwa mtundu na kuadhibiwa.

Sukari iliyo katika chai hupanda haraka na kushuka haraka. Uji wa wimbi huachilia sukari yake taratibu zaidi, hasa ukitiwa maziwa au unga wa njugu. Nchini Jamaica, Donald Simeon na Sally Grantham-McGregor waliwapima watoto siku waliyokula asubuhi na siku waliyokosa, wakachapisha matokeo mwaka 1989: watoto wenye lishe nzuri hawakuyumba sana, lakini waliodumaa au kukonda walishuka katika majaribio ya akili siku ya njaa. Uji huohuo una thamani tofauti kwa watoto tofauti, na anayeuhitaji zaidi ndiye ambaye nyumbani hana.

Hata hivyo, kushiba peke yake hakumalizi tatizo, na hili ndilo jibu la walimu wanaouliza kuhusu mtoto aliyeshiba asiyeshika somo. Ubongo unahitaji madini ya chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na umakini, na kujenga utando wa mafuta unaofunika neva ili ujumbe upite kwa kasi. Chuma kikipungua, umakini unaweza kuathirika hata kabla kipimo hakijaonyesha upungufu wa damu. Na hapa Itumbe, na Gusii nzima yenye majani chai, tuna desturi inayokifukuza chuma mezani: chai pamoja na chakula. Tanini za chai hukikamata chuma cha maharagwe, wimbi na mboga ndani ya utumbo, kikatoka nje bila kufyonzwa. Kikombe kimoja kinachonywewa na mlo kinaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Kikinywewa saa moja au zaidi baada ya mlo, madhara hayo hupungua sana. Simkatazi mkulima wa chai kunywa chai yake. Nasema isiwe kwenye sahani ya mtoto.

Hapo penye upungufu wa chuma ndipo walipoingia matapeli. Wanasimama sokoni na vipaza sauti, wanapanda matatu, wakiuza unga wa "kuongeza damu na akili" katika chupa zisizo na orodha ya viambato. Mama anatoa pesa ya maharagwe ya wiki nzima, anarudi na vumbi. Huo ni wizi unaofanyiwa watoto. Na wale wanaosifu juisi ya bitiruti kwa sababu ni nyekundu: gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu moja ya chuma, maharagwe yaliyopikwa ya uzito huohuo yana karibu miligramu mbili au zaidi. Rangi haiongezi damu. Mtoto aliyepauka anahitaji kupimwa damu na minyoo zahanatini, kwa kuwa safura hunyonya damu kutoka utumboni, na chakula peke yake hakitaziba tundu hilo.

Ushahidi bora nilionao kuhusu mlo wa shule ni wa humu humu Kenya. Kuanzia mwaka 1998, Charlotte Neumann na wenzake waliwafuatilia zaidi ya watoto 500 katika shule 12 za Embu kwa takriban miaka miwili. Baadhi walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa mlo shuleni. Waliokula nyama ndio waliopanda zaidi katika jaribio la kufikiri kwa michoro, walicheza kwa nguvu zaidi uwanjani na walionekana kuongoza wenzao. Nyama na maziwa vilipunguza upungufu wa vitamini B12. Githeri ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kile kidogo kilichoongezwa. Shule ya kutwa ya Itumbe haitanunua nyama kila siku, nalijua hilo. Lakini omena kutoka ziwani wamejaa sokoni Kisii, huliwa wazima na mifupa yao, na wana chuma, zinki na B12. Kijiko cha omena waliosagwa kwenye maharagwe kinafaa kuliko unga wowote wa matatu.

Utafiti mwingine unapasa kusomwa na kila kamati ya shule. Christel Vermeersch na Michael Kremer, huyu Kremer aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, waliangalia uji wa asubuhi katika shule 50 za chekechea magharibi mwa Kenya. Mahudhurio yalikuwa juu kwa asilimia 30 palipokuwa na uji. Alama za mtihani zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu. Uji ulikula muda wa masomo na madarasa yakajaa. Kwa hiyo mwalimu asigeuzwe mpishi.

Nimebaki na uvumi wa mafuta ya taa. Wavulana wa sekondari bado wanaamini kwamba shule huyatia katika maharagwe ili kupunguza hamu ya mapenzi, na wengine wanakataa kula. Mafuta ya taa hayana uwezo huo. Ni sumu yenye harufu kali ambayo mtu angeitambua kabla ya kijiko kufika mdomoni. Kinachotiwa mara nyingi ni magadi, ili maharagwe yaive haraka, na magadi huharibu vitamini B1. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, upike. Kuni hupungua na fitati zinazokizuia chuma hupungua pia.

Ushauri uliobaki ni mfupi. Wimbi uchachushwe kabla ya kupikwa uji, kama bibi zetu walivyofanya. Mboga za chinsaga na rinagu zipikwe na maharagwe, na pera au chungwa vifuate, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Unga wa pakiti unapaswa kisheria, tangu 2012, kuongezwa madini na vitamini, lakini ule wa posho mill ya kijijini hauna nyongeza hiyo. Mahindi yanayoletwa na wazazi yakaguliwe mbele ya kamati: yaliyoota ukungu yatupwe, yasipewe hata kuku. Kuchemsha hakuiondoi sumukuvu, ile iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Shule zihifadhi mahindi juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu.

Kuhusu pesa, wazazi wa Nairobi wanalipa shilingi tano kwa mlo katika mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, na kaunti inafidia sehemu ya gharama. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo uji wa PP1 na PP2 unaweza kuwekwa katika bajeti ya Kisii na ya Nyamira bila kuisubiri serikali kuu. Vikao vya umma vya bajeti hufanyika kila mwaka. Wazazi wa Itumbe waende, na waulize kwa jina la kata yao ni kiasi gani kimetengwa kwa uji wa watoto.