Binti Aliyempenda Fisi

NGANO ZETU NA MAPENZI: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulimtazama zimwi, adui ambaye msikilizaji humtambua pale pale anapotajwa. Leo tunamgeukia adui mgumu zaidi: yule anayependwa.

Kisa chake husimuliwa kwa sura nyingi huku kusini kwetu na ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Mtafiti Mwingereza Alice Werner alikiingiza katika kitabu chake cha visasili na ngano za Wabantu kilichotoka mwaka 1933, lakini hapa Songea hatuhitaji kitabu ili tukijue. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikiwa kali na familia imeketi jikoni ikipukuchua mahindi, bado wapo bibi wanaokisimulia.

Binti anakataa posa zote. Siku moja anatokea mgeni mtanashati asiyejulikana kwao, na binti anasema ni huyo huyo. Siku ya kuondoka, mdogo wake wa kiume, mwenye macho mabovu yanayojaa tongotongo, anaomba amsindikize. Dada anamfukuza kwa kuona haya. Mtoto anawafuata kwa mbali, mpaka kijijini kwa shemeji.

Usiku mtoto halali. Anasikia wenyeji wakizunguka nyumba kwa sauti za fisi, wakiulizana kama nyama imeshanona. Asubuhi anamweleza dada yake, naye anamjibu kwamba ameota. Usiku unaofuata mtoto anamfunga dada uzi kwenye kidole cha mguu, na ncha ya pili anaishika mwenyewe. Fisi wanapokuja, anauvuta. Dada anaamka, anachungulia, anamwona mumewe miongoni mwao.

Wasimulizi wengi hapa huongeza mwendo: mtoto anaunda chombo cha kuruka, wanapaa, wanafika kwao, na wasichana wanaosikiliza wanaonywa wasichague sana. Naamini onyo hilo linakipunja kisa. Kingetaka kumwadhibu binti kwa kuchagua, kingemwacha aliwe. Badala yake kinamwokoa, tena kwa mkono wa yule aliyemwonea haya. Kosa linalotazamwa hapa ni kuziba masikio baada ya kuambiwa. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Na dada huyu aliambiwa asubuhi, lakini akachagua kuamini usingizi.

Utajiri wa kisa umo katika saa chache ambazo msimulizi huziruka: kati ya kuona na kuondoka. Kukikucha mume anarudi na umbo lake la kibinadamu. Sauti ni ile ile iliyomposa. Anauliza umelalaje, anaketi, ananawa mikono, anamega ugali. Binti ameviona vidole hivyo vikiwa kucha, naye bado anavipenda. Kumchukia ghafla hawezi, kubaki hawezi. Mapenzi hayakatiki siku ile ile ukweli unapofika, na mwandishi anayetaka kumtendea haki binti huyu hana budi kumketisha mezani asubuhi hiyo na asimharakishe.

Vijana wetu wamekulia pia kwenye hadithi nyingine, ile ya mrembo na dubwana. Ilitungwa Ufaransa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve mwaka 1740, ikafupishwa na Jeanne-Marie Leprince de Beaumont mwaka 1756, na kampuni ya Disney ikaifanya filamu ya katuni mwaka 1991. Kule sura ni ya kutisha na moyo ni mwema. Kwetu sura inavutia na moyo unawinda. Kule pendo linamrudishia dubwana ubinadamu. Kwetu halimbadilishi fisi hata kidogo.

Tofauti kubwa zaidi iko mlangoni. Mrembo anapoomba kwenda kumwona baba yake mgonjwa, dubwana linamruhusu, ingawa kutengana naye kunaweza kuliua. Hapo ndipo tunapojua kwamba linapenda. Fisi naye analisha ili anenepeshe. Ukarimu wake wote una siku ya kuchinja.

Kwa hiyo nawaomba waandishi chipukizi wa Ruvuma, hasa wanaotunga hadithi za majini na wachawi zinazosomwa kwenye simu, waache kumpa fisi mwisho wa dubwana. Hadithi nyingi siku hizi humleta jini anayemteka msichana, anamfungia, anawaua ndugu zake, kisha machozi mawili ya msichana yanamtakasa. Msomaji wa miaka kumi na sita anafundishwa kwamba akivumilia vya kutosha, anayemuumiza atageuka. Hilo ni fundisho la hatari, na ngano za bibi zetu hazikuwahi kulitoa.

Mwacheni shujaa wenu ampende adui. Mpeni huruma, kumbukumbu na usiku wa kukosa usingizi. Lakini kabla hamjaandika msamaha, mfanyeni adui afungue mlango kwanza, na shujaa awe huru kutoka.

Juma lijalo tutamsoma Adili wa Shaaban Robert, aliyeamriwa kuwachapa kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani huku akiwapenda. Tutaona jinsi mtunzi alivyobeba pendo na adhabu katika mkono mmoja.