Datsun ilishinda kwa mikono ya wenyeji

Anayepita barabara za vumbi za Gasorwe, Burundi, wakati wa mvua anajua kwamba gari zima si kinga. Shimo lililokuwa kavu asubuhi, jioni limejaa maji, na anayelijua ndiye anayepita. Nimeanza na jambo hili kwa sababu, kwa maoni yangu, ndilo linaloeleza historia ya timu ya Datsun katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, timu ambayo sifa zake huandikwa kana kwamba zilitengenezwa zote Japani.

Wamarekani wana sababu ya kuitazama timu kama mashine na fedha. Timu ya Roger Penske, iliyoanza mwaka 1966, hushindania Indianapolis 500 kwa magari ambayo magurudumu yake yako nje ya bodi. Njia ni ileile ya lami, kama kilomita 4, inayozungukwa mara 200. Dereva hodari anahitajika, lakini barabara haimfichi kitu. Safari ilikuwa shauri jingine. Ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye ikazoeleka kufanyika siku za Pasaka, masika yanapoanza. Kulikuwa na miaka njia ilipozidi kilomita 5,000. Kila dakika ya kuchelewa kituoni ilikuwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Tangu mwanzo hadi mwaka 1971, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda.

Datsun walilielewa hilo. Mwaka 1970 na 1971 walishinda na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa ndani ya Datsun, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kisha Mehta akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Wapo watakaosema ni gari tu, kwamba Datsun ilikuwa ngumu na yeyote angeshinda nayo. Basi tumtazame Rauno Aaltonen wa Finland, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1965. Mwaka 1980 na 1981 alikuwa timu moja na Mehta, gari la aina moja, mafundi wa kampuni moja. Miaka yote miwili alishika nafasi ya pili nyuma ya Mehta. Katika maisha yake Aaltonen alikuwa wa pili Safari mara kadhaa, asishinde hata mara moja. Chuma kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa mtu na ujuzi wake wa njia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wageni walioshinda. Hannu Mikkola alifungua mlango mwaka 1972 na gari la Ford, na Björn Waldegård wa Sweden akashinda mara 4. Sikatai. Lakini Waldegård alirudi mwaka baada ya mwaka hadi barabara ikamzoea, yaani alijifunza kile Mehta alichokulia. Na tukiitaja haki, tuseme pia kwamba neno "mwenyeji" hapa lilikuwa finyu: gari la mashindano lilitaka fedha, na Waafrika weusi wengi walibaki kando ya njia wakitazama, ingawa barabara hizo walizijua kuliko wote. Hiyo ni hasara ya mchezo wenyewe.

Safari iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, ilikuwa na kama kilomita 320 tu za kushindania, na madereva hukagua kila kipande kabla. Wageni ndio wanaotawala sasa. Hata hivyo ushindi 5 wa Mehta haujafikiwa na dereva yeyote.