Unapanda Nanyuki Wikendi Hii? Chagueni Milo Yenu Miwili Kabla Hamjatoka

Kundi la marafiki sita likiamua kwenda Nanyuki, kuna mambo hupangwa haraka sana: gari, mahali pa kulala na nani atabeba spika. Chakula huachwa kwa maneno mawili tu, "tutaona huko." Halafu inafika Jumamosi saa mbili usiku, baridi ya mlima imeingia, mko kilomita kumi nje ya mji kwenye nyumba ya kukodi yenye jiko safi na friji tupu. Mtu mwenye njaa kiasi hicho hulipa bei yoyote anayotajiwa, kwa nambari yoyote anayopewa.

Kazi yetu ni pesa za simu, si upishi. Lakini pesa nyingi za likizo ya mlimani hupotelea mezani, na mara nyingi si kwa sababu chakula ni ghali. Nanyuki kuna chakula cha kila mfuko. Shida ni kwamba watu huenda na akili ya Nairobi, ambako ukikosa hapa unavuka barabara. Kule sehemu nzuri ya kula inaweza kuwa nusu saa kutoka unapolala, jiko linafungwa mapema, na mtandao hauko kila kona.

Kwa hivyo tuanze na hesabu.

Sahani 36

Mkitoka Nairobi Ijumaa jioni na kurudi Jumapili mchana, mna milo sita: chakula cha usiku cha Ijumaa, milo mitatu ya Jumamosi, kisha chai ya asubuhi na chakula cha mchana cha Jumapili. Watu sita mara milo sita ni sahani 36. Ukiiangalia hivyo, "tutaona huko" inaanza kuogopesha.

Sasa tuseme mnataka milo miwili ya kujibamba kabisa, ile ya kukaa chini, kupiga picha na kuagiza kinywaji. Tuweke Sh1,800 kwa kila mtu. Hiyo ni Sh21,600. Milo minne iliyobaki iwe ya kawaida, Sh350 kwa kila mtu, jumla Sh8,400. Yote pamoja ni Sh30,000, yaani Sh5,000 kila mmoja. Takwimu hizi si za hoteli fulani, ni mfano wa kufanyia hesabu, weka bei zako. Lakini ona kitu kimoja: milo miwili imemeza zaidi ya theluthi mbili ya pesa yote. Hata mkibishana kutwa kama chapati ni ya Sh20 au Sh30, bajeti haitikisiki. Kinachoitikisa ni mlo wa tatu wa kujibamba ambao haukupangwa, ule wa "si tuingie tu hapa." Huo peke yake unaongeza Sh1,450 kwa kila mtu.

Ndiyo maana tunasema chagueni milo miwili, kwa majina na kwa siku, kabla gari halijatoka. Ile mingine itajipanga.

Mkishachagua, pigeni simu na muulize mambo mawili. La kwanza: oda ya mwisho ya jikoni ni saa ngapi? Usiulize wanafunga saa ngapi, maana mlango unaweza kuwa wazi na mpishi ameshaenda nyumbani. La pili: bei za menyu ni pamoja na ushuru? Sehemu nyingi huandika bei ikiwa imejumlisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Pale isipojumlishwa, sahani sita za Sh1,800, ambazo ulijua ni Sh10,800, zinafika Sh12,744 kwenye risiti, na hapo bado ada ya huduma kama ipo. Tofauti ya karibu elfu mbili ni supu ya asubuhi ya kundi zima.

Ijumaa, kuleni njiani

Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni takriban kilomita 200. Ukitoka kazini jioni na upate msongamano wa Thika Road, utafika wakati majiko mengi ya mjini yamepoa. Ushauri wetu ni mlo wa Ijumaa uliwe barabarani. Sagana inajulikana kwa samaki wa kufugwa na nyama choma. Karatina ni mji wa soko, na karibu na soko hutakosa mukimo, kitoweo na parachichi. Simamisheni gari hapo, mle, mfike Nanyuki mkitafuta blanketi tu.

Nyama choma nayo ina adabu yake. Kilo mbili za mbuzi zinaweza kukaa kwenye moto saa nzima. Kama mna nambari ya pale mnapoenda, pigeni mkiwa bado mbali waanze kuchoma. Ila malipo yangoje mpaka mfike na muone nyama ikipimwa.

Wanaopanda treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki, iliyorejea Desemba 2020, wajue safari ni ndefu kuliko ya matatu. Ni tamu kwa macho, lakini fungeni chakula.

Kwa nini mlo mkubwa uwe mchana

Tungechagua sisi, milo yote miwili ya kujibamba ingekuwa ya mchana. Mlima wenyewe huonekana vizuri asubuhi, na mara nyingi ikifika saa tano au sita mawingu yameufunika. Kwa hivyo asubuhi mnazunguka, mchana mnakula. Tena tuko kwenye Ikweta: jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja ni giza. Kutoka hapo kila safari ya kwenda kula ina bei ya pili juu yake, ya bodaboda au teksi ya usiku, na ile baridi.

Kuna sehemu zinazofaa hasa mchana. Trout Tree, pale Burguret kati ya Naro Moru na mji, imejengwa juu ya mti mkubwa wa mugumo, na samaki wa trauti wanafugwa hapo hapo chini. Samaki huyu si wa asili ya Kenya. Aliletwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 na akapenda mito ya mlimani kwa sababu maji ni baridi. Ukitaka kumla, mahali pake ni huku, si Mombasa. Barney's iko kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki, unakula ukiangalia ndege ndogo zikitua, na kama mna watoto hapo mmewamaliza. Wikendi ndefu sehemu kama hizi hujaa, kwa hivyo wekeni nafasi mapema.

Kwa milo ya kawaida, rudini mjini. Nanyuki ni mji wa watalii na wa wanajeshi, wetu na wa Uingereza, ndiyo maana utapata piza na baga kila upande. Lakini pia ni mji wa wafanyabiashara, madereva na wakulima, na hao hawali baga kila siku. Kuna supu ya mbuzi asubuhi, chapati na maharagwe, matumbo, githeri, chai ya maziwa ya moto kweli kweli. Hakuna haja ya kutafuta orodha mtandaoni. Muulize mtu wa boda, "Boss, wewe mwenyewe hula wapi saa saba?" Atakupeleka.

Chakula cha usiku cha Jumamosi kipikwe nyumbani. Lakini msinunue maharagwe makavu sokoni saa kumi jioni mkitegemea kula saa mbili! Nanyuki iko juu, zaidi ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kule maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi badala ya 100. Yanatokota kama kawaida, ila joto ni pungufu, na nafaka ngumu zinachukua muda na gesi zaidi. Nunueni zilizokwisha kuchemshwa, mkaange tu, au mchague nyama ya kukaanga, mboga na ugali.

Pesa ya chakula ikae peke yake

Sasa tumefika kwetu. Kundi likiwa na bajeti ya Sh5,000 kila mtu, ikusanywe mara moja, siku tatu kabla ya safari, kwa mtu mmoja. Mkianza kutumiana Sh350 leo na Sh200 kesho, kila kutuma kuna ada yake, na mwisho wa safari hakuna anayejua nani anadai nani. Mweka hazina aweke pesa hiyo kando na salio lake la kila siku, kwenye akaunti ya akiba ya simu au laini ya pili. Ikichanganyika na yake, atanunulia mafuta ya gari pesa ya samaki bila kujua. Na kama amejiunga na huduma ya mkopo wa salio, malipo yanaweza kupita hata pesa ikiwa imeisha, halafu ada ya deni inaendelea kuhesabiwa kwa jina lake yeye.

Hotelini, lipeni kwa nambari ya till badala ya kutuma kwa simu ya mhudumu. Kwa kawaida malipo ya till ya bidhaa na huduma hayamgharimu mteja ada, na jina la biashara linaonekana kwenye ujumbe. Paybill ni tofauti, nyingine humkata mteja, kwa hivyo soma kabla ya kubonyeza.

Tahadhari kubwa iko kwenye amana. Unapiga simu kuweka nafasi ya watu sita, mtu anajibu kwa upole sana, anakuambia nafasi zimebaki mbili tu, tuma nusu sasa hivi kwa nambari hii "kwa sababu till yetu ina shida leo." Simama hapo. Nambari za simu zilizoandikwa kwenye ramani na kurasa za mitandao ya kijamii zinaweza kubadilishwa na matapeli. Linganisha nambari hiyo na ile iliyo kwenye tovuti ya hoteli au mwombe mwenyeji wa nyumba mnayokodi. Kisha, kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama hoteli ina jina moja na skrini inakuonyesha jina la mtu binafsi usiyemjua, ghairi. Sahani ya samaki haijawahi kuisha duniani kwa dakika tano za kuhakikisha.

Jambo lingine hutokea sana sehemu zenye mtandao dhaifu. Umelipa, ujumbe haujafika, mhudumu amesimama, watu wanakuangalia. Unalipa tena. Dakika kumi baadaye jumbe mbili zinaingia pamoja. Kabla ya kurudia malipo, angalia salio au taarifa fupi ya akaunti. Pesa ikiwa imetoka, mwonyeshe meneja, naye aangalie upande wa till yake. Mwonyeshe ujumbe simu ikiwa mkononi mwako, usimpe aende nayo kaunta. Na ikiwa umekosea tarakimu ya till, piga huduma kwa wateja hapo hapo mezani. Kurejesha pesa ni rahisi zaidi kabla aliyeipokea hajaitumia.

Bebeni pia noti kidogo, Sh2,000 hivi za noti ndogo. Mahindi ya kuchoma barabarani hayahitaji PIN.

Kama mnapanda mlima wenyewe

Hapo mambo yanabadilika kabisa. Ukipita lango la Sirimon hakuna hoteli ya kuingia ununue chapati. Kambi ya Old Moses iko mita 3,300, Shipton's mita 4,200, na chakula chote mnabeba ninyi, au mpishi na wapagazi mliowakodi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, langoni hawapokei pesa taslimu, kwa hivyo ilipeni mkiwa mjini na mtandao ukiwa mzuri, mhifadhi risiti kwenye simu na muipige picha ya skrini. Malizaneni na mpishi kuhusu menyu na malipo kabla ya kupanda: ni nani ananunua vyakula, kwa pesa gani, na salio la malipo yake linatumwa lini. Juu kule hamtapata wakala, na baridi inamaliza betri haraka. Lala na simu ndani ya mfuko wa kulalia.

Jumapili

Kuleni mapema Nanyuki, hata kabla ya saa saba, kwa sababu kila mtu anarudi Nairobi jioni moja. Mkipata nafasi mpite Karatina mchukue parachichi, viazi na karoti za wiki. Mama mboga akikupa nambari yake ya kulipia, msomee jina linalotokea kwenye skrini kwa sauti, "Mama, ni hili?" Akiitikia, weka PIN. Pesa ya kundi iliyobaki kwa mweka hazina igawanywe hapo hapo kwenye gari, kabla ya Kenol, wakati kila mtu bado anakumbuka alikula nini.