Klasi yako inaitwa Mkulima, kwa nini programu inatafuta "mkulimas"?

Unatengeneza mfumo wa chama cha msingi cha kahawa, tuseme kipo Kamachumu, Muleba. Klasi umeiita Mkulima. Kwenye kanzidata una jedwali linaitwa wakulima, limenyooka kabisa. Unafungua ukurasa, unakutana na hii:

SQLSTATE[42S02]: Base table or view not found: 1146 Table 'chama.mkulimas' doesn't exist

Inasema jedwali la mkulimas halipo. Ni kweli halipo, na wewe hujawahi kuandika neno hilo popote. Sasa limetoka wapi?

Limetoka kwenye sarufi ya Kiingereza. Laravel, kama zana nyingi za aina yake, ina mkalimani anayekaa kati ya klasi zako na majedwali. Usipomwambia jedwali linaitwaje, anakisia: anachukua jina la klasi, analiweka kwa herufi ndogo, kisha analifanya wingi. Na wingi anaoujua yeye ni wa kuongeza "s" mwishoni. Kiswahili wingi wake unabadilika mwanzoni: mkulima, wakulima. Hata Kihaya ni hivyo hivyo, Omuhaya na Abahaya. Kwa hiyo developa wa Bukoba ana lugha mbili, na zote mbili mkalimani huyu hazijui.

Ukiwa na klasi ya AinaYaKahawa ndiyo utacheka. Laravel itatafuta aina_ya_kahawas. "S" imeenda kukaa kwenye kahawa, wakati kilicho kingi hapo ni aina. Matoleo ya karibuni yanakuruhusu kuchagua lugha ya kutengenezea wingi, kwa mfano Kifaransa, Kihispania, Kireno au Kituruki. Kiswahili hakimo.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya klasi:

protected $table = 'wakulima';

Kabla ya kubadilisha chochote, muulize mkalimani mwenyewe anatafuta jedwali gani. Usikisie. Kwenye Laravel fungua tinker uandike (new App\Models\Mkulima)->getTable(). Kwenye Rails andika Mkulima.table_name. Kwenye Django ni Mkulima._meta.db_table. Jina litakalotoka lilinganishe na lililopo kwenye kanzidata, herufi kwa herufi.

Django yenyewe haina makuu. Jedwali inaliita kwa jina la app na jina la klasi, bila wingi, mfano chama_mkulima. Tatizo lake linaonekana kwenye ukurasa wa msimamizi, ambapo karani wa chama anakuta pameandikwa "Mkulimas". Weka verbose_name_plural = 'Wakulima' ndani ya Meta, yameisha.

Rails ndiyo inachanganya zaidi, kwa sababu inakwenda njia zote mbili: umoja kwenda wingi, na wingi kurudi umoja. Ukiandika has_many :wakulima, inajaribu kupata umoja kwa kukata "s". Haioni "s", basi inatafuta klasi iitwayo Wakulima, ambayo huna. Ukiandika has_many :familia, inatafuta klasi inaitwa Familium! Rails ina kanuni ya maneno yenye asili ya Kilatini, ile ya data na datum, na neno lolote linaloishia na "ia" au "ta" linaingia humo. Huyo Familium anaweza kukumalizia mchana mzima. Ifundishe Rails kwenye faili la config/initializers/inflections.rb:

inflect.irregular "mkulima", "wakulima"

Na familia, ambayo umoja na wingi wake ni kitu kimoja:

inflect.uncountable "familia"

Hayo yote angalau yanapiga kelele. Kosa baya ni lile lililonyamaza.

Chukulia developa wa kwanza alitumia amri ya make:model Mkulima -m. Laravel yenyewe ikatengeneza jedwali la mkulimas, kila kitu kikaenda vizuri, na mizani ikaanza kuingiza kilo za maganda humo. Baadaye anakuja developa wa pili kutengeneza sehemu ya malipo. Yeye anaandika $table = 'wakulima', anakuta jedwali halipo, analitengeneza na kupakia majina kutoka Excel. Hakuna maandishi mekundu hata mara moja. Ila sasa chama kina daftari mbili. Namba 214 kwenye mkulimas ni mama wa kijiji kimoja, namba 214 kwenye wakulima ni mzee wa kijiji kingine. Kilo ni za mama, hela inasoma kwa mzee.

Ukikuta majedwali pacha namna hii, usikimbilie kufuta moja. Chukua nakala ya kanzidata kwanza. Halafu linganisha watu kwa namba ya uanachama au ya simu, kamwe usitumie id, maana id ndizo zilizogongana. Hamisha kilo kwenda kwa mwenye nazo, hakiki na karatasi za mizani, ndipo ubaki na jedwali moja na klasi moja inayolitaja waziwazi. Malipo yasimame mpaka hapo. Wakulima watanung'unika, lakini hela ikishaingia kwenye simu ya mtu mwingine kuirudisha ni kazi.

Kama majina yote yako sawa na bado inagoma baada ya kuhamia kwenye seva, angalia herufi kubwa na ndogo. Laptop ya Windows haijali. Kwake Wakulima na wakulima ni jedwali moja la MySQL. Seva ya Linux inayaona mawili tofauti. Faili za klasi nazo ni hivyo hivyo: ukihifadhi mkulima.php wakati klasi ni Mkulima, nyumbani itakubali, kwenye seva utaambiwa klasi haipo. Na ukibadilisha jina la faili kwenye Windows, git huenda isione mabadiliko yoyote. Tumia git mv mkulima.php Mkulima.php, kisha pakia upya.