Mfumo wa Chuo Chako ni Huria, Ufungue!

Komredi, ile tovuti unayohangaika nayo saa sita usiku ukituma kazi ya mhadhiri, huenda ni Moodle. Vyuo vingi nchini vinautumia. Uliundwa na Martin Dougiamas wa Australia, jamaa aliyekulia jangwani akipata masomo ya shule kwa redio. Toleo la kwanza lilitoka 2002.

Sasa skiza: hii ni programu huria. Leseni yake, GPL, inakuruhusu kuipakua, kuibadilisha na kuigawa bila kulipa hata ndururu. Gharama ni seva na mtu wa kuitunza, na hapo ndipo vyuo vingine huteleza. Mfumo unawekwa, unasahaulika, siku ya mtihani unalala. Halafu programu ndiyo inatukanwa, maskini!

Unajua PHP kidogo? Isakinishe kwenye laptopu yako, unda kozi ya uongo, ivunje, itengeneze tena. Mimi chuo niliacha, na hakuna aliyeniitisha kitambulisho cha mwanafunzi.

Kuna pia app yake ya simu: pakua notsi ukiwa na waifai, zisome kejani bila bando. Ikikataa kuingia, pengine chuo hakijairuhusu kwenye seva. Waulize watu wa ICT.