Bei ndogo si nafuu: neno kwa wajumbe wa kamati za ujenzi

Mzazi wa Nyasura, katika Mji wa Bunda, aweza kuingia katika mkutano wa shule akiwa mkulima au mchuuzi wa dagaa, akatoka akiwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa darasa. Hakusomea uhandisi, wala hajawahi kusoma mchoro wa jengo. Hata hivyo, saini yake ndiyo itakayothibitisha kwamba saruji imefika na kwamba fundi anastahili ujira wake. Hiyo ni amana nzito.

Hali hii imeletwa na utaratibu wa fosi akaunti. Badala ya mkandarasi mmoja kukabidhiwa kazi yote, shule au halmashauri hununua vifaa yenyewe na kuwalipa mafundi wa ujira, huku kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zikisimamia. Mwaka 2021, Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa nchini, kila moja likitengewa shilingi milioni 20. Fungu lilikuwa moja kwa wote, lakini fungu moja halizai majengo yenye uimara mmoja. Uimara hutegemea nini kilinunuliwa, kwa nani, na ni nani aliyekikagua.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka fedha ya umma ipate thamani yake. Thamani si bei ya chini peke yake. Tuchukue mfano. Fundi mmoja aomba shilingi milioni 2 kwa kuezeka, mwingine aomba milioni 2 na laki 4. Wa kwanza hana kazi yoyote anayoweza kutuonyesha. Wa pili ana paa tatu zilizopita masika kadhaa bila kuvuja. Tukimchagua wa kwanza, kisha tukalazimika kurudia nusu ya kazi kwa shilingi milioni 1, ile laki 4 tuliyoiokoa imetugharimu laki 6 zaidi, na watoto wamenyeshewa. Ndiyo maana bei hupimwa pamoja na uzoefu, muda wa kumaliza, ubora wa vifaa na gharama za matengenezo ya baadaye.

Lakini mjumbe atapimaje asichokielewa? Hapa ndipo maelezo ya kazi yanapopaswa kuandikwa kwa lugha nyepesi. Kitabu kikubwa cha michoro na mahesabu kina mahali pake kwa mhandisi wa halmashauri, lakini kamati yahitaji ukurasa mmoja ambao kila mjumbe aweza kuusoma akiwa amesimama mbele ya lori la vifaa.

Tazama bati. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Asiyejua hilo hudhani amepewa kilicho bora, kumbe amepunjwa. Ukurasa ule uandike: “Bati ni geji 28, geji 30 haipokelewi.” Tazama zege. Kama mhandisi ameagiza uwiano wa moja, mbili, nne, pasiandikwe hesabu peke yake. Iandikwe kwamba kila ndoo moja ya saruji huenda na ndoo mbili za mchanga na nne za kokoto, maji yasizidishwe kwa kurahisisha kazi, na zege imwagiliwe kwa siku zisizopungua 7. Nondo nazo zitajwe unene wake kwa milimita, na wapokeaji wawe na kipimo mkononi.

Wepesi huo una faida nyingine. Maelezo yakitaja chapa ya kampuni moja bila sababu, au yakidai masharti yasiyohusiana na kazi, fundi hodari wa mtaani na kikundi cha akina mama hufungiwa mlango. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Haki hiyo yawa maneno matupu iwapo kikundi hakielewi kinachoombwa.

Tunawasihi basi wajumbe wa Nyasura na kwingineko: ombeni ukurasa huo kabla ya kununua chochote. Ubandikeni katika ubao wa matangazo, bei na kiasi cha kila kifaa vikionekana. Andikeni sababu za kumchagua fundi, ili atakayeuliza ajibiwe. Na msisaini mapokezi ya kitu ambacho hamjakihesabu kwa mikono yenu. Haya yatufaa pia tunapojenga madrasa na misikiti kwa michango ya waumini, ambako mara nyingi hakuna mkaguzi anayekuja kutuuliza.